Barua ya wazi kwa mabosi wa hoteli yetu kuhusu ile apu ya pointi

Shikamooni mabosi wangu.

Meneja Mkuu, dada yetu wa HR, na nyie vijana wa kampuni iliyotuletea hii aplikesheni ya kupongezana kazini, nyie siwajui mnakaa ofisi gani ila najua barua itawafikia tu, maana magrupu ya WhatsApp ya wafanyakazi wa hoteli hayajawahi kutunza siri toka yaanzishwe. Jina la hoteli siandiki. Wenyewe tunajijua.

Mi ni wa londri, mwaka wa tisa huu. Naingilia mlango wa nyuma kule kwenye mapipa na natokea huko huko, kwa hiyo tukipishana Mwenge mnaweza msinijue na wala silaumu, ila shuka lolote analolalia mgeni wenu limepita mkononi mwangu, na yale mataulo yanayokunjwa mfano wa bata maji pale kitandani mimi ndo najua yalikuwaje kabla hayajawa bata.

Nimeamua kuandika hadharani sababu njia nyingine zote nishapita. Kisanduku cha maoni pale kantini funguo yake imepotea toka mwaka juzi. Kwenye brifingi ya asubuhi supavaiza anasema "tumelichukua" na likishachukuliwa ndo basi tena. Na ndani ya apu yenyewe kuna sehemu ya kutuma maoni ila lazima uwe na imeili ya kampuni, hilo la imeili nitalifikia, msiwe na haraka.

Niseme kwanza kwamba wazo sio baya. Siku ile mnaizindua pale ukumbini mkakata keki, tukapewa soda na tisheti, yule kaka akaonesha kwenye skrini jinsi mpishi anavyompongeza mtu wa bustani, wa bustani anampongeza wa vyumbani, pointi zinaingia, zikijaa unachagua zawadi, mi nilipiga makofi kwa moyo kabisa. Zamani tulikuwa na mfanyakazi hodari tu, yule wa Mei Mosi, mara moja kwa mwaka, mtu anapewa cheti na bahasha au friji, kofia kichwani, na sote tunajua ilikuwa inaenda kwa zamu, mwaka huu jikoni mwaka kesho risepsheni, na wengine walikuwa wanapata kwa sababu wanasali kanisa moja na meneja. Kwa hiyo kitu cha kumshukuru mwenzio siku yoyote bila kusubiri Mei ifike, nilikitaka. Ndo maana naumia. Ingekuwa kitu cha kijinga toka mwanzo nisingechoma bando langu kuandika.

Tuanze na simu. Nyie wenyewe mmeweka sheria kwamba simu haziingii sehemu za kazi, na ni sheria nzuri, mgeni asije akasema kapigwa picha. Ukifika saa 12 asubuhi unaifungia kabatini, unaichukua saa 8 mchana ukitoka. Sasa apu kila ukitaka kuingia inakutumia namba za siri ambazo zinakufa baada ya dakika 2, afu usiku inakutoa yenyewe, kesho unaanza upya. Mtu katoka shifti, vidole vimekunjamana kwa maji mpaka simu haitambui alama ya kidole, basi la wafanyakazi linapiga honi, bando limekata, na wifi ya hoteli neno la siri wanapewa wageni tu, wewe hapo ungempongeza nani? Risepsheni wana kompyuta mbele yao siku nzima, apu ipo wazi, wanapongezana kama watu wanaopeana pipi. Siwaonei wivu. Ila mwisho wa mwezi mkibandika tangazo kwamba londri "hawashiriki", basi bandikeni na kwamba simu zetu zilikuwa kabatini kwa amri yenu.

Haya, imeili. Sisi wa londri, waosha vyombo na watu wa bustani hatuna imeili ya kampuni wala hatujawahi kuihitaji, shuka halitumiwi imeili. Dada wa HR akatuonea huruma akafungua moja ya idara nzima. Watu 14, akaunti 1. Mtu akipongezwa jina linatokea "Londri" na picha yake ni mashine ya kufulia ambayo sijui nani kaitoa mtandaoni, maana ya kwetu ina kutu. Pointi za watu 14 zikawa zinaingia mfuko mmoja, mwenye neno la siri ni supavaiza, na mwezi wa nne blenda ikafika nyumbani kwa supavaiza. Sitaki kumsema sana, labda hata yeye hakuelewa zile ni za nani, ila hiyo blenda tunaiongelea mpaka leo na kabla ya apu tulikuwa tunakula sahani moja.

Kiswahili chake sasa. Mlisema imetafsiriwa, tukafurahi. Kitufe cha kwanza kimeandikwa "Piga kelele". Mzee mmoja wa bustani amekaa nacho siku tatu hakibonyezi, anaogopa simu italia na mgeni kalala. Kumbe maana yake ni kumsifia mtu mbele za watu. Pa kuchukulia zawadi pameandikwa "Komboa pointi zako", watu wakaulizana kwani zimetekwa na nani. Na zile salamu zilizopikwa tayari, unachagua moja unatuma, ipo inayosema "Wewe ni nyota wa mwamba!" Nilitumiwa hiyo na mtu wa jikoni, nikakaa najiuliza hapa nimesifiwa au nimetukanwa. Mwamba peke yake sawa, siku hizi ni sifa, ila nyota wa mwamba ni nini jamani, kiti cha pweza, yule wa baharini mwenye umbo la nyota?

Kiswahili kina maneno yake ya kumpongeza mtu, hongera, kazi nzuri, umeupiga mwingi, Mungu akuzidishie. Na kabla ya hayo yote kuna "pole na kazi", hiyo ndo mngeiweka juu kabisa, maana huku kwetu mtu akikukuta umeinama na kazi yako haanzi na hongera, anaanza na pole. Mngemuuliza hata dereva wa basi angewaambia bure.

Hayo mnaweza kuyarekebisha kwa wiki mbili. Linaloniuma ni lingine.

Mwezi wa nane tulikuwa na harusi. Saa 4 usiku gauni la bibi harusi linashushwa londri, limemwagikiwa mvinyo mwekundu kifuani, na ndoa ni kesho yake saa 5 asubuhi. Zamu alikuwepo mama yetu mmoja tunamwita Shangazi, huyo ndo wa madoa, anakaribia kustaafu, simu yake ni kitochi. Mi nilikuwa nasubiri basi nikabaki naangalia. Kijana mmoja akakimbilia jiki, Shangazi akampiga kibao cha mkono, hariri ukiitia jiki inageuka njano na nyuzi zinakufa. Hakusugua hata mara moja. Alitandika taulo jeupe chini ya doa, akawa anagonga gonga kwa kitambaa cha maji ya baridi, anatoka pembeni kuja katikati ili doa lisitanuke, taulo likishakunywa wekundu analitupa anachukua lingine, afu siki nyeupe iliyozimuliwa, sabuni kidogo, maji baridi tena. Ya moto ungelipika doa palepale. Nilihesabu mataulo 11. Draya hakutaka hata kuiona, akalianika mbele ya feni, na saa 9 usiku akalipitishia mvuke kwa mbali kama mtu anayepepea mtoto. Basi la saa 4 lilishamwacha zamani, akalala juu ya mzigo wa mashuka.

Bibi harusi alirudi kwao akaandika maoni marefu mtandaoni, nyota tano, na akamtaja kwa jina kaka wa risepsheni aliyelipokea lile gauni na kumrudishia chumbani. Apu yenu ikisikia jina la mtu kwenye maoni ya mgeni inatoa pointi 200. Zikaenda kwa kaka. Shangazi hakupata hata moja.

Na yule kaka wa watu ana adabu zake, alishuka mwenyewe londri kaona aibu, anataka amhamishie Shangazi zile pointi. Tukaishika simu yake watu wanne tunatafuta pa kubonyeza. Hakuna. Pointi hazihamishwi, na pongezi moja haiwezi kubeba watu wawili. Ikabidi aende dukani kwa hela yake amnunulie kilo 2 za sukari na mche wa sabuni. Yani binadamu wawili wameshakubaliana kugawana, apu ndo imekataa.

Wahenga walisema chema chajiuza, sawa, lakini londri haina dirisha la barabarani. Njia zote za kupata pointi nyingi humo ndani zinapita kwenye macho ya mgeni au macho ya meneja, sasa mwosha vyombo, fundi wa pampu, mtu wa usiku anayeangalia jenereta, hao kazi yao ikienda vizuri ndo haionekani kabisa, inakuja kuonekana siku ikiharibika. Na walinzi na wafagiaji wa ile kampuni ya nje hawamo kabisa. Ukiandika jina la mlinzi aliyesimama geti moja miaka 6 apu inakujibu "mtumiaji hayupo". Nilimwonesha mwenyewe. Akacheka, akasema sasa hilo geti mnafunguliwa na nani.

Cha kushangaza dawa mnayo ndani. Kila nguo ya mgeni inayoshuka londri ina karatasi yake, ina namba ya chumba, na kila anayeigusa anasaini, aliyepokea, aliyefua, aliyepiga pasi, aliyepandisha juu. Karatasi hiyo ilikuwepo kabla hamjanunua kompyuta. Gauni la bibi harusi lilikuwa na saini ya Shangazi, nimeiona kwa macho yangu, kaandika na saa. Mgeni akisifia gauni, apu ingeuliza tu lile gauni limepita kwa nani, ikagawa 200 kwa wote waliosaini. Jikoni nao wana tiketi za oda, mafundi wana kitabu cha matengenezo. Mngeanzia hapo badala ya kuanzia kwenye jina ambalo mgeni amebahatika kulikumbuka.

Badala yake mkaleta skrini kantini. Majina yamepangwa toka wa kwanza mpaka wa mwisho, ya chini yana rangi nyekundu, mtu anakula ugali wake huku anatazama jina lake jekundu. Mdogo wangu anasoma mambo ya kompyuta chuoni, nilivyomsimulia akanitumia habari kwamba haya yalishafanyika Marekani, tena londri kama sisi. Mwaka 2011 magazeti ya kule yaliandika kuhusu hoteli za Disneyland, Anaheim, California, wafuaji waliwekewa skrini kubwa zinazoonesha jina la kila mtu na kasi yake akilinganishwa na wenzie. Wafanyakazi wenyewe wakaibatiza mjeledi wa kielektroniki, na iliandikwa kwamba wapo waliokuwa wanabana haja ili namba isishuke. Nikasoma nikaangalia draya zetu nne. Hapa tukianza kushindana kupakia, siku moja kiberiti cha gesi kitaingia kwenye joto ndani ya suruali ya mgeni, maana kukagua mifuko kunachukua muda na hakuna pointi.

Akanitumia na nyingine ya zamani zaidi, ya 1973, ya wataalamu watatu wa saikolojia, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett. Walichukua watoto wa chekechea wanaopenda kuchora wenyewe bila kusukumwa. Kundi moja likaahidiwa kwamba mkichora mtapata cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe, kundi la pili likachora tu afu likashtukizwa na cheti hicho hicho, la tatu halikupewa kitu. Baada ya wiki moja mbili wakawarudishia kalamu bila ahadi yoyote. Wale wa ahadi hamu ilikuwa imeshuka, walichora kama nusu ya wenzao. Wale wa kushtukizwa hamu yao ilibaki palepale. Sio kwamba sisi ni watoto wa chekechea, ila angalieni apu yenu, kila asubuhi inatutangazia bei ya wema, kumwelekeza mgeni pointi 10, kurudisha kitu kilichosahaulika pointi 30. Mi nimerudisha pete, pasipoti, dola, toka mwaka wa kwanza, na haikuwahi kuwa na bei. Juzi kijana mpya wa londri kaokota saa mfukoni mwa koti, kabla hajaniambia ni ya chumba gani akaniuliza hii ni 30 au 40.

Na hizo pointi zenyewe sasa. Pongezi moja ni pointi 50, zawadi ya chini kabisa ni pointi 5,000, na pointi zinakufa baada ya miezi 12. Tupige hesabu wote. Mtu apongezwe kila wiki, wiki 52 bila kukosa hata moja, na mtu wa hivyo sijamuona, anafikisha 2,600. Zinamfia mkononi. Aliyebahatika kufika anakuta vocha za maduka ya mtandaoni ya nje ambayo hayaleti mzigo Tanzania, spika ndogo ya kuwekea bafuni, na "kifungua kinywa cha watu wawili" kwenye mgahawa wa hoteli yetu hii hii, ambayo mfanyakazi haruhusiwi kupita lobi. Nimlete mke wangu tuingilie wapi, kwenye mapipa?

Mkituuliza tunataka nini tutawaambia umeme. Sitanii. Shangazi akiingiziwa tokeni ya LUKU kwenye kitochi chake, zile namba 20, akazibonyeza kwenye mita, hapo ndo atajua kazini wamemkumbuka. Au muda wa maongezi, au hela kwenye simu. M-Pesa ipo hapa Tanzania toka 2008 na kilichoifikisha kwa bibi zetu ni ile menyu ya nyota na reli, haitaki intaneti wala simu ya kioo, unabonyeza moja, mbili, namba ya siri, umemaliza. Mtu anayetuma hela ya mazishi mpaka Sumbawanga kwa njia hiyo atashindwaje kutuma ahsante jengo la pili? Na ile imeili ife nayo, tumieni namba ya kitambulisho cha kazi, tunaisaini kila asubuhi, hata usingizini naitaja. Anayependa skrini mwekeeni kishikwambi kimoja ukutani kantini, kama vile vya sensa ya 2022, anagusa kadi yake anaingia, anaandika neno lake kwa Kiswahili chake au anarekodi sauti, maana wapo wasiopenda kuandika na si vizuri kuwaaibisha. Na wa kampuni ya nje waingizwe. Kama tatizo ni nani analipia pointi zao basi wapewe neno bila pointi, lakini jina lionekane.

Hili la mwisho haraka haraka. Apu inaomba kujua mahali nilipo saa zote na majina yote yaliyomo kwenye simu yangu, ukikataa haifunguki. Ya nini? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, Mei Mosi hiyo hiyo, na haimruhusu mtu kukusanya kisichohusiana na kazi aliyosema anaifanya. Mahali nilipo mnapajua. Nipo londri.

Sijaandika ili muifute, najua mkataba umeshalipiwa na dada wa HR aliihangaikia kweli. Nimesikia kuna toleo jipya linakuja mwezi ujao na mnatafuta maoni ya watumiaji, na kwamba kikao kitakuwa ukumbi wa juu na wakuu wa idara. Wakuu wa idara wote wana imeili. Nawaomba kikao kishuke huku chini japo siku moja, njooni Jumanne, ndo siku ya mapazia, saa 12 kasoro ili muwahi chai. Vijana wa kampuni waje nao, projekta waiache. Vaeni viatu visivyoteleza maana chini kuna maji muda wote, na Shangazi wiki hii yupo zamu ya asubuhi, ameshasema atawaonesha mashine namba 3 inapopigwa teke ndo iwake. Simu mtafungia kabatini.